Cheti cha Askari ni Mali

Askari anapoacha kazi jeshini hurudisha silaha na kitambulisho chake, akabaki na karatasi mkononi. Wengi huikunja karatasi hiyo na kuisahau sandukuni, maana hudhani kwamba Serikali imekwisha andika kila jambo na yaliyoandikwa hayapotei. Yaliyotokea Marekani mwaka 1973 yaonyesha hatari ya fikira hiyo.

Karibu na mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, palikuwa na jumba la orofa sita lililowekwa mafaili ya watu waliopata kutumikia majeshi ya nchi hiyo. Tarehe 12 Julai 1973, baada ya usiku wa manane, moto ulizuka katika orofa ya juu. Mafaili baina ya milioni 16 na 18 yaliharibika kabisa. Katika yale ya askari wa nchi kavu walioacha kazi tangu Novemba 1912 hata mwanzo wa 1960, kadiri ya 80 katika kila 100 yalipotea. Na ubaya ulizidi kwa kuwa hayakuwa na nakala.

Aliyekuwa na cheti chake cha kuachishwa kazi hakupata taabu nyingi. Alipotaka matibabu, mkopo wa nyumba au malipo ya jeraha la vita, alikitoa akasikilizwa. Asiyekuwa nacho alingoja makarani watafute jina lake katika hati za mishahara na taarifa za kila siku za vikosi. Tena cheti hakielezi kila ugonjwa. Mtu ambaye habari za matibabu yake ziliungua alitakiwa kutafuta ushahidi kwingine, hata kwa askari wenzake wa zamani. Mara nyingine mzigo huo ulimwangukia mjane, ambaye hakujua hata namba ya kikosi cha marehemu mumewe.

Basi yafaa mtu asome cheti chake kabla ya kutia sahihi, ahakikishe kwamba jina, tarehe na nishani ni sawasawa, maana kosa dogo husahihishwa kwa urahisi siku ile kuliko baada ya miaka ishirini. Aombe pia nakala za habari za matibabu yake. Cheti chenyewe akiweke mahali pakavu, na nakala yake aiweke katika nyumba nyingine. Afisini atoe nakala, asiache cheti chenyewe. Wala asimpe mtu asiyehusika, kwa sababu namba zake zaweza kutumiwa na wadanganyifu. Zaidi ya yote, mkewe na watoto wake wajue kilipo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya askari ni mali aliyoichuma kwa jasho, na pengine kwa damu. Daftari yake ni cheti kile.