UKUTA WA BWAWA SI BARABARA YA KAWAIDA

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA NA WANANCHI WA MTERA*



Tawi linaleta jambo moja, na tunaomba lisomwe mpaka mwisho kabla mtu hajaanza kujibu kwenye grupu. *Malori makubwa yawekewe masharti maalumu ya kupita juu ya bwawa letu. Masharti hayo yaandikwe, yaonekane, na yasimamiwe bila kuangalia sura ya mtu.*

Tukumbushane tunakaa juu ya nini. Bwawa hili lilijengwa kati ya mwaka 1975 na 1979 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo kwa ajili ya mitambo ya Kidatu. Mwaka 1988 tukapata mtambo wetu hapa hapa, megawati 80. Maji yakitoka hapa yanakwenda Kidatu kuzalisha megawati 204, kisha yanaendelea hadi Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Samaki wanaokula Dodoma na Iringa wanatoka humo. Na juu ya ukuta huo huo ndipo inapopita barabara kuu ya Dodoma na Iringa. Upande mmoja maji, upande mwingine korongo.

Hatusemi ukuta una ufa. Hatuna kipimo hicho, na anayesambaza sauti za kutisha watu aache mara moja. Tunachosema ni kwamba ukuta ulijengwa kuzuia maji. Kazi ya kubeba msafara wa semi-trela mchana na usiku tumeiongeza sisi.

Na magari yameongezeka. Lami ilipokamilika mpaka Iringa, njia ikafunguka. Serikali ilipohamia Dodoma, mji ukakua na tumbo lake likakua. Mbao za Mafinga, viazi vya Njombe, nyanya, mahindi, saruji, mafuta, vyote vinapita hapa. Lori likilala Kitonga na kufunga barabara ya Zambia, wanaotafuta njia nyingine wanazungukia Dodoma, wanakuja kwetu.

*"Lakini mizani zipo."*

Ndiyo, zipo. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu lori mpaka tani 56. Sheria nzuri, inalinda lami. Lakini mizani hupima lori moja moja. Malori manne yakifuatana pua kwa mkia juu ya ukuta, kila moja lina karatasi safi ya mizani, na kwa pamoja ni zaidi ya tani 200 mahali pamoja. Hakuna aliyevunja sheria, lakini mzigo uko pale pale. Na ekseli ikikatika katikati, ambulensi ya mama mjamzito inapita wapi?

Tusidhani haya ni mawazo ya watu wa kijijini. Ulaya wana barabara zinazopita ndani ya milima, kwenye mahandaki. Shida yao ni kama yetu: njia moja iliyobana, hakuna pa kuchepukia. Tarehe 24 Machi 1999 lori liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia. Watu 39 walikufa. Lori lile halikuwa na petroli wala baruti. *Lilibeba unga na majarini.* Handaki likafungwa miaka mitatu. Lilipofunguliwa, masharti yakawa makali: spidi yenye kikomo, na gari kuacha mita 150 nyuma ya lililo mbele. Mwaka 2001 malori mawili yakagongana handaki la Gotthard, Uswisi, watu 11 wakafa. Tangu hapo malori huingizwa kwa kuhesabiwa.

Wenzetu walizika kwanza, wakaandika masharti baadaye. Sisi tuna nafasi ya kuandika kabla ya kuzika. Na tusijifanye hatujui msiba wa barabarani: Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya Watanzania 100 wakapotea. Lori la aina hiyo likidondokea upande wa maji hapa Mtera, mvuvi wa Migoli atatupa nyavu wapi?

*"Mnataka kuua biashara."*

Hoja hii tumeisikia, na wanaoisema ni ndugu zetu. Mama lishe anaishi kwa dereva anayeshuka kula. Muuza samaki anaishi kwa utingo anayenunua fungu. Lakini lori linalopita mbio juu ya ukuta halinunui samaki. Lori linalosubiri zamu yake kwenye eneo lenye choo, maji na taa, ndilo lenye mteja. Masharti yakipangwa vizuri yatawaongezea kipato.

*"Daraja jipya linakuja, tusubiri."*

Daraja la Mtera limeshatajwa kwenye bajeti za ujenzi. Tunalitaka, na tutalipigania. Lakini daraja la kwenye karatasi halipunguzi hata kilo moja juu ya ukuta leo.

Sasa tuseme ukweli mchungu. Ukuta ni wa TANESCO, lami ni ya TANROADS, usalama barabarani ni wa polisi, lori ni la tajiri. Mkoa wa Dodoma unaishia hapa na wa Iringa unaanzia hapa. *Cha wengi hukosa mwenyewe.* Kwa hiyo Tawi linadai:

1️⃣ TANESCO na TANROADS wakae pamoja, na wataalamu waje kwenye mkutano wa hadhara watuambie kwa Kiswahili cha kueleweka ukuta unaruhusiwa kubeba nini, na malori mangapi kwa wakati mmoja.

2️⃣ Mabango makubwa pande zote mbili, kabla dereva hajafika ukutani: spidi, umbali kati ya gari na gari, marufuku kusimama, marufuku kuovateki.

3️⃣ Malori makubwa yapite kwa zamu, yakihesabiwa, upande mmoja baada ya mwingine.

4️⃣ Mafuta, gesi na kemikali vipite mchana tu, kwa kusindikizwa.

5️⃣ Gari la kuvuta lililo karibu, usiku na mchana.

6️⃣ Tarehe ya kuanza daraja. Tumechoka na "mchakato unaendelea".

Na la mwisho linatuhusu wenyewe. Wamo wanachama wenye malori, na wamo viongozi wanaopigiwa simu: "Mwambie askari aniachie." Kuanzia leo *hakuna kiongozi wa Tawi hili atakayemwombea mtu apite kinyume cha masharti*, hata akiwa mfadhili wa Chama. Mwenye ushahidi wa kiongozi aliyefanya hivyo alete kwenye kikao, ajadiliwe mbele ya wenzake. Hatuwezi kuidai Serikali usimamizi huku sisi ndio tunaotoboa.

Barua yenye madai haya inapelekwa ngazi ya juu ya Chama na kwa viongozi wa Serikali wa pande zote mbili za bwawa. Mabalozi wa mashina wakusanye sahihi nyumba kwa nyumba. Wavuvi, madereva na mama lishe waingie wote, hata wasio wanachama. Maji hayaulizi kadi.

Tuma kwenye magrupu mengine. Usikate, usiongeze.

*Imetolewa na:*
*Katibu Mwenezi wa Tawi*
*Mtera*