Kupita si Kujibu

Limekuwa jambo la desturi katika mabaraza ya wasomi kulalamika juu ya maneno na alama ambazo watu huzitia chini ya video za mtandaoni. Sikumbuki mkutano wa Kiswahili niliohudhuria katika miaka hii ya karibuni uliokosa mtu wa kusimama na kusema kwamba lugha imeharibika, adabu imekufa, na vijana wetu wamefikia hata kuchekea maiti. Wasikilizaji hutikisa vichwa, chai huletwa, na shauri hilo hufungwa mpaka mkutano mwingine. Nami nimewahi kuwa miongoni mwa watikisa vichwa. Leo naandika kulipinga lalamiko hilo. Silipingi kwa kuwa ni la uongo. Nalipinga kwa sababu limekomea nusu ya njia, na nusu iliyobaki yatuhukumu sisi tunaolalamika.

Mwezi wa Februari, mwaka 2023, nilikuwa Pangani nikingoja pantoni ya kuvukia Bweni. Pantoni ilikuwa ng'ambo, jua lilikuwa kali, na karibu kila mtu pale alikuwa ameinamia simu yake. Kando yangu aliketi kijana mmoja, mchuuzi wa samaki, na ndoo yake i miguuni. Kwa kuwa hakuificha simu, sikuona haya kutazama. Kwanza ilipita taarabu ya zamani. Akaisikiliza kitambo kidogo, akagusa ile alama ya uso unaocheka hata kutoa machozi. Kisha kikaja kichekesho cha marehemu Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto. Akacheka kweli kweli, akagusa alama ile ile. Mara ikatokea habari ya ajali ya Magila Gereza, wilayani Korogwe. Usiku wa tarehe 3 ya mwezi ule, gari lililochukua jeneza na jamaa za marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro lilikuwa limegongana na lori, na hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa watu 17 waliokufa. Kijana akanyamaza. Akaisogeza simu karibu na macho, akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi." Kisha kidole chake kikaenda pale pale kilipozoea kwenda, penye uso unaocheka.

Sikuweza kujizuia. Nilimwuliza sababu ya kuwacheka watu waliokufa wakienda kuzika. Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyesingiziwa. Alikuwa amekwisha kuniamkia na kuniita Mwalimu, nadhani kwa ajili ya miwani. "Mwalimu," akasema, "ile si kucheka. Ile ni kuonyesha tu kwamba nimepita."

Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu, na kila nilipolitazama niliona lina pande mbili. Upande wa kwanza watufedhehesha sisi wasomi. Tumesoma alama ya kijana yule kama mgeni asomavyo kibao cha lugha asiyoijua: ameona uso unacheka, ameandika kwamba wenyeji wanacheka. Tumetoa hukumu juu ya usemi ambao hatukuuliza maana yake kwa wenyewe wanaousema. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza akitafsiri methali kwa namna hiyo twampa alama ya kushindwa.

Upande wa pili ni mzito zaidi, na wamhusu kijana. Katika mji ule ule wa Pangani, mtu hapiti mbele ya nyumba yenye msiba akaenda zake. Akiona majamvi yametandikwa na wanaume wameketi kimya barazani, huvua viatu, huingia, hutoa mkono wa pole, huketi japo kidogo, na akiwa na kitu hutoa ubani. Aliyepita na kutaka ijulikane kwamba amepita, naye hakuingia, amefanya kosa litakalosimuliwa. Basi kijana yule, ambaye sina shaka kwamba mtaani kwao huingia na kuketi kama wenzake, amepewa chombo kinachomwezesha kupita mbele ya misiba ishirini kwa siku, na chombo hicho hakina jamvi. Kimempa alama sita au saba za nyuso, kikamwambia achague. Kosa ni lake kwa kiasi. Lakini aliyeijenga nyumba isiyo na baraza naye aulizwe.

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaolia kwamba watu wa leo wana maneno mengi mno. Mwambao huu haukupata kuwa na hadhira ya kimya. Pangani ndiko alikozaliwa Shakila Said, mwaka 1947, aliyeimba na Black Star ya Tanga na kufa Dar es Salaam mwaka 2016. Katika kumbi ambamo taarabu ya namna ile iliimbwa, msikilizaji alikuwa mtendaji. Ubeti ukifika penye neno lake, mwanamke huondoka kitini, huinua noti hewani, huukata ukumbi kwa mwendo wa madaha, hupita mbele ya yule anayemkusudia bila kumtupia jicho, ndipo humtunza mwimbaji. Mwimbaji amepata fedha, mlengwa amepata ujumbe, na ukumbi mzima umepata habari. Pengine ngumi zilifuata. Sisemi kwamba mabibi zetu walikuwa malaika. Nasema kwamba jibu lao lilikuwa na mwenyewe, uso wake ukaonekana, na lilikuwa na bei, bei hiyo ikaingia mkononi mwa aliyeimba. Kelly Askew, mtaalamu wa Kimarekani aliyeshiriki katika vikundi vya muziki vya Tanga, alilieleza jambo hili la kutunza kwa urefu katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002. Nasi, wenye ukumbi, aghalabu tumeendelea kuwafundisha wanafunzi mashairi ya taarabu kana kwamba yaliimbwa kwenye chumba kitupu: vina, mizani, tamathali, basi. Noti ile iliyoinuliwa hewani haimo katika maswali yetu ya mtihani.

Vivyo hivyo katika magazeti. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilijaa mashairi ya kuulizana na kujibizana. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ni mmoja wa waliotoa mashairi yao humo. Aliyetaka kumjibu mwenzake, hata kwa kumkebehi, ilimbidi kwanza ahesabu mizani. Ghadhabu ya mtu ikishapita katika mizani kumi na sita haitoki kama ilivyoingia.

Lakini mfano ninaoutegemea zaidi ni wa utani, maana ndio unaokata mzizi wa lalamiko. Wenzangu husema kumcheka maiti ni ugeni ulioletwa na simu. Hivi hawakupata kuhudhuria maziko penye watani? Mzigua na Mnyamwezi ni watani wa tangu zama za misafara, na katika maziko mtani hufanya mambo ambayo mgeni angeyaona kuwa wazimu. Huvaa kanzu ya marehemu akaigiza mwendo wake. Hutangaza deni ambalo marehemu hakulilipa. Hushuka kaburini akajilaza, akaapa kwamba hatoki mpaka apewe kitu. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, na wala hakuna anayeona kwamba marehemu ametukanwa. Kwa nini? Kwa sababu mtani yule yule ndiye aliyeshika jembe alfajiri. Ndiye aliyechota maji, ndiye atakayebeba, na siku ya msiba wake mwenyewe atachekwa na kuzikwa na hawa hawa. Kicheko chake kimelipiwa kwa jasho. Basi anayesema kwamba kicheko msibani si chetu amesahau kwao. Na anayejibu, kama nilivyosikia mhadhiri mmoja kijana akijibu kwa kujiamini sana, kwamba kucheka chini ya video ya ajali ni utani wa zama mpya, amekuwa mvivu. Mtani asiyechimba kaburi si mtani.

Najua nitaambiwa kwamba mtazamaji wa leo naye hulipa, kwa kuwa bando hununuliwa. Ni kweli, na kwa mchuuzi wa samaki si fedha ndogo. Lakini na tuifuate fedha hiyo mahali inapokwenda. Majuto alizaliwa Tanga, akaanza sanaa yake jukwaani kabla ya zama za video, akafa tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa Tanga. Alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba iliyomwachia kidogo zilifika hata kwa waziri. Watu waliendelea kumcheka kwa mamilioni, na hapana ubaya, maana kuchekesha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ila kicheko kile hakikumfikia kama noti ilivyomfikia mwimbaji. Kililipwa kwa kampuni ya simu, kikahesabiwa na kampuni yenye mtandao, kikamfaa kila aliyepandisha picha zake, awe na haki au asiwe nayo. Hivyo hesabu ya watazamaji, ambayo siku hizi hutajwa kana kwamba ni hukumu ya wananchi juu ya kazi ya sanaa, ni hesabu ya waliopita tu. Haisemi ni nani aliyeingia.

Na bado, ukisoma kwa subira, utawaona walioingia. Chini ya vichekesho vya Majuto, watu huandika kicheko na dua katika mstari mmoja: nyuso tatu zinazocheka, kisha "Mungu akurehemu mzee wetu," kisha nyuso tena. Nilipoanza kusoma nilidhani ni ovyo. Sasa naona ni namna ya kumzika mchekeshaji ambayo haikuwahi kuandikwa katika kitabu chochote cha adabu, nayo ina adabu yake. Mtu mwingine hutaja sebule aliyomwonea kwa mara ya kwanza, na baba yake aliyekuwa akicheka pamoja naye, naye baba sasa ni marehemu. Hilo ni jibu. Limemgharimu aliyelitoa, naye ametia jina.

Wapo wasioona haja ya subira hiyo. Dawa yao ni kuufunga mlango. Tumekuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni tangu mwaka 2018, na baadhi ya wasomi wenzetu walizipokea kwa furaha, wakidhani kwamba serikali imekuja kuwasaidia kufundisha adabu. Kisha, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku hizo hapakuwa na matusi wala nyuso za kucheka. Je, tulikuwa na adabu? Tulikuwa na hofu. Habari za waliokufa zilikwenda kwa mnong'ono, kila mnong'ono ukiongeza lake. Mtandao uliporudi, polisi walituma ujumbe wa simu kuonya kwamba kusambaza picha zinazoleta taharuki au kudhalilisha utu ni kosa la jinai.

Neno utu ni neno kubwa, na juu ya picha za Magila Gereza ningelitia sahihi mimi mwenyewe. Lakini aliyeisambaza picha ya maiti ili wenzake wapite na kucheka, na aliyeisambaza ili ndugu zake marehemu wamtambue na ulimwengu ushuhudie, wametenda mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi, nayo kwenye kioo cha simu yafanana kabisa. Picha ni ile ile, hata alama iliyo chini yake yaweza kuwa ile ile. Kuyapambanua kwahitaji mtu aliyefundishwa kusoma usemi pamoja na msemaji wake, mahali pake na gharama yake. Askari hakufundishwa kazi hiyo. Mashine ya kampuni haiijui. Sisi ndio tuliopewa vyeti vya kuifanya, nasi tulikuwa mkutanoni tukitikisa vichwa. Tulipoyaita maneno yote ya watu takataka, tuliirahisishia njia kila ofisi inayotaka kuyafagia yote pamoja.

Niliwahi kupendekeza katika kikao cha idara moja kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi wapewe kazi ya kukusanya majibu ya watazamaji wa wimbo mmoja, kichekesho kimoja na habari moja, wawatafute baadhi ya waliojibu, wawaulize walimaanisha nini, na wayaweke majibu hayo pamoja na kutunza, utani na malumbano katika somo moja. Niliulizwa kama maneno ya wapita njia nayo ni fasihi. Niliomba kikao kinieleze kwanza noti iliyoinuliwa hewani mbele ya mke mwenza ni nini. Palikuwa na kimya. Kisha mwenyekiti akaangalia saa, akasema wakati wa adhuhuri umefika, na shauri litaendelea katika kikao kijacho. Kikao hicho hakijaitishwa bado.