Mimbari si Jukwaa la Kampeni

Wakristo wa kiinjili, yaani wale wanaoshikilia kwamba Biblia ndiyo mamlaka ya mwisho katika imani na mwenendo, kwamba kifo cha Kristo msalabani ndicho msingi pekee wa mwanadamu kupatanishwa na Mungu, na kwamba kila mtu hana budi kuzaliwa mara ya pili, wamebishana kwa muda wa karne nzima juu ya swali ambalo makanisa mengi ya Kenya hulijibu vibaya kila msimu wa uchaguzi: mtu anayeyaamini mambo hayo ahusiane vipi na wenye kutawala? Wapo wanaosema asihusiane nao kabisa, kwa kuwa kazi ya kanisa ni kuokoa roho na dunia hii inapita. Wapo pia wanaosema amtafute mgombea anayelitaja jina la Mungu, ampandishe madhabahuni, amwekee mikono, kisha amwachie nchi. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini kosa lake ni moja, kwani yote mawili humwondoa mtawala chini ya hukumu ya Neno, la kwanza kwa kunyamaza na la pili kwa kusifu.

Jibu la kunyamaza lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka Marekani, ambako wamisionari wengi waliokuja Afrika Mashariki walilelewa. Mwaka 1923 J. Gresham Machen, mwalimu wa Agano Jipya katika seminari ya Princeton, alichapisha kitabu akidai kwamba uliberali, yaani mafundisho yaliyokana miujiza na kumfanya Kristo kuwa mwalimu wa maadili tu, si tawi la Ukristo bali ni dini nyingine. Miaka miwili baadaye, katika mji wa Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuko ya viumbe, na ingawa mahakama ilimtia hatiani, magazeti yaliwafanyia waumini dhihaka kubwa, nao wengi wao wakajitenga katika vyuo vyao, vituo vyao vya redio na mikutano yao ya injili. Walifanya vyema kulinda mafundisho. Lakini Carl Henry, mwanatheolojia wa kambi hiyohiyo, aliwakemea mwaka 1947 kwa kitabu chake juu ya dhamiri isiyotulia, akiwaambia kwamba injili isiyo na neno juu ya ubaguzi wa rangi, vita na unyonyaji wa wafanyakazi imepunguzwa na walewale wanaojisifu kuilinda.

Jibu la pili lilifuata haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mhubiri Jerry Falwell wa Virginia alihubiri mwaka 1965 kwamba wachungaji hawakuitwa kuwa wanasiasa, maneno yaliyowalenga viongozi wa dini walioandamana na Martin Luther King. Na mtu huyohuyo, mwaka 1979, alianzisha Moral Majority, chama cha kuwahamasisha waumini kupiga kura dhidi ya utoaji mimba na kuvunjika kwa maadili ya familia. Mtu aweza kukubaliana naye kabisa juu ya utoaji mimba, na mwenye kuiamini Biblia atakubaliana naye, huku akiona kwamba mlango uliofunguliwa ulikuwa mpana kupita kiasi, kwa maana baada ya muda mfupi ilikuwa vigumu kujua ni wapi imani inakomea na chama cha siasa kinaanzia. Billy Graham, aliyekuwa rafiki wa marais na aliyeumizwa na ukaribu wake na Richard Nixon, alisema mwaka 2011, akiwa mzee sana, kwamba kama angerudi nyuma angejiepusha na siasa. Ushuhuda wa mtu aliyekula meza moja na wakuu hao unastahili kupimwa na kila askofu anayeialika Ikulu kanisani mwake.

Katikati ya majibu haya ipo njia nyingine, na Waafrika walishiriki kuichonga. Mwezi wa Julai 1974 zaidi ya wajumbe 2,000 kutoka nchi zipatazo 150 walikutana Lausanne, Uswisi, na John Stott wa Uingereza akaongoza uandishi wa tamko lao, Agano la Lausanne. Aya yake ya pili inakiri kwamba Maandiko hayana kosa katika yote yanayoyathibitisha, na aya ya tano inakiri kwamba uinjilishaji na wajibu wa kijamii na kisiasa vyote ni sehemu ya utii wa Mkristo, tena inatamka toba kwa kuutelekeza wajibu huo. Mpangilio huu una maana yake, kwa kuwa haki inadaiwa kutokana na mamlaka ya Maandiko, haiongezwi juu yake kama jambo la kuazima.

Miongoni mwa wasemaji wa Lausanne alikuwa Festo Kivengere, askofu wa Uganda aliyelelewa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuwafundisha Walokole kuungama dhambi hadharani na kutembea nuruni. Walokole wamelaumiwa mara nyingi kwamba waliijali roho tu wakaisahau nchi, na lawama hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huohuo, ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wakati maaskofu wa Uganda walipomwandikia Idi Amin tarehe 10 Februari 1977 wakilalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Siku sita baadaye aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Luwum hakuwa na chama wala hakuwa mgombea wa cheo chochote. Alikuwa na Biblia na waumini waliokuwa wakipotea usiku.

Nchini Kenya mfano ulio wazi zaidi ni wa David Gitari, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana. Mwezi wa Machi 1975, mwili wa mbunge Josiah Mwangi Kariuki ulipopatikana Ngong, Gitari, ambaye wakati huo alikuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alitoa mawaidha ya asubuhi katika redio ya Sauti ya Kenya juu ya Kaini na Abeli na damu iliayo kutoka ardhini. Njia yake ilikuwa mahubiri ya ufafanuzi, yaani kufuata sura ya Biblia hatua kwa hatua na kuiacha iseme yenyewe. Mwezi wa Juni 1987 mjini Nakuru alihubiri juu ya Danieli sura ya 6, ambamo washauri wenye husuda wanamharakisha mfalme Dario kutia sahihi sheria isiyoweza kubatilishwa, naye mfalme anakosa usingizi kwa majuto. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limebadilisha Katiba na kuwaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao. Wasikilizaji walielewa, na wanasiasa wa KANU, chama tawala cha wakati huo, pia walielewa, ndiyo maana walimshambulia kwa ukali. Gitari aliweza kuwajibu kwamba amesoma tu yaliyoandikwa.

Vivyo hivyo kuhusu mlolongo, utaratibu wa mwaka 1988 ambao wanachama wa KANU walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa machoni pa chifu na jirani, na aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kura ya siri. Viongozi wa makanisa walipinga, wakisema pamoja na mengine kwamba mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mtu mmoja bila kuligawa kundi lake. Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba ya Gitari usiku, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga mayowe hadi majirani wakafika. Desemba 1990 KANU yenyewe iliufuta mlolongo.

Wapo wanaoleta Warumi 13, wakisema kwamba mamlaka imewekwa na Mungu, kwa hiyo mchungaji atii na kunyamaza. Sura hiyo inamfunga mtawala kwanza, kwa kuwa inamwita mtumishi wa Mungu, na mtumishi ana bwana wa kumtolea hesabu. Tena aliyeiandika ni Paulo, aliyesimama mbele ya liwali Feliki akanena juu ya haki, kiasi na hukumu ijayo mpaka liwali akatetemeka.

Wengine husema kwamba siasa ya Mkristo imalizikie katika mambo machache ya maadili: uhai wa mtoto aliye tumboni, ndoa ya mume na mke, malezi ya watoto. Mambo hayo ni ya msingi, na kanisa litakaloyaacha ili lionekane la kisasa litakuwa limeiacha Biblia. Lakini Biblia ileile ina shamba la mizabibu la Nabothi, mtu aliyeuawa kwa ushahidi wa uongo ili mfalme Ahabu apate ardhi yake, na Waraka wa Yakobo una kilio cha wavunaji walionyimwa ujira. Katika kura ya maoni ya mwaka 2010 makanisa mengi yaliipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na cha mahakama za kadhi, nayo ikapita kwa asilimia 67 hivi. Pingamizi la kwanza lilisimama juu ya mafundisho; la pili lilikuwa dhaifu, kwani mahakama hizo zilikuwamo katika Katiba tangu uhuru. Pamoja na hayo, sauti iliyopinga ilikuwa imekwisha kuchakaa. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu walichomwa moto wakiwa ndani ya kanisa huko Kiambaa, karibu na Eldoret, na Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa, likaomba msamaha. Waliosikia mchungaji akimpigia debe mgombea wa kabila lake hawakuona sababu ya kumwamini alipowaonya juu ya sheria.

Msamaha huo ulikuwa wa kweli, lakini bahasha za harambee zimeendelea. Wanasiasa wanaijua vizuri methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi, ndiyo maana hawaji mikono mitupu, na baada ya sadaka kutangazwa kwa kipaza sauti, mzee wa kanisa humkaribisha mheshimiwa awasalimu waumini, na salamu hizo huwa matusi kwa wapinzani wake mbele ya meza ya Bwana. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu lakini mimbari si yao. Agizo hilo lilikuwa sahihi, na makanisa ya kiinjili na ya kipentekoste, ambayo hujivunia kulishika Neno kuliko wengine, hayana udhuru wa kubaki nyuma ya Waanglikana.

Uchaguzi mkuu wa 2027 unakaribia. Inawapasa wazee wa kila kanisa wakutane kabla ya kampeni kupamba moto, waandike katika kumbukumbu zao kwamba mwanasiasa ataketi na waumini wengine na kutoa sadaka yake kimya kama wengine, kwamba mchango wenye asili isiyojulikana utarudishwa, na kwamba mchungaji atahubiri juu ya ardhi, mishahara, damu na ndoa kwa kadiri Maandiko yanavyosema. Kisha uamuzi huo wausome hadharani Jumapili inayofuata, ili hata mheshimiwa atakayefika aujue kabla ya kuketi.