Raba kwanza, silinda baadaye

Ndugu mwandishi, makala yako imenifaa, walakini sikubaliani nawe katika nukta moja, ya kwamba gari kuukuu likivuja mafuta ya breki gurudumuni hapana budi silinda nzima itupwe na kununuliwa mpya. Kwani Land Rover yangu ya Series III, ambayo ina breki za dramu magurudumu yote manne, iliponivujia nyuma, fundi aliifungua silinda, akaisafisha kwa spiriti, na alipoona ukuta wake wa ndani ni laini, hauna mashimo ya kutu, alibadilisha raba tu, kwa gharama ambayo hata mtu wa kipato haba aweza kuimudu. Lau angalikuta mashimo, ingalilazimu kununua mpya, maana raba haizibi ukuta uliolika. Na ninyi wasomaji wenzangu mnaonasihi silinda ioshwe kwa petroli au dizeli, tafadhalini acheni, kwa sababu mafuta ya jinsi hiyo huivimbisha raba na kuiharibu, na uvujaji ukarejea upesi. Kadhalika viatu vya breki vilivyolowa mafuta visifutwe vikarudishwa, bali vibadilishwe kulia na kushoto pamoja, ama sivyo gari litavuta upande mmoja kila likifungwa breki. Na vumbi la viatu vya zamani, ambalo yamkini lina asbesto, lisipulizwe kamwe, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Kisha upepo utolewe mabombani mpaka pedeli iwe ngumu mguuni, ndipo gari liingie barabarani.