KITI NI CHA WALIOPIGA KURA

Kila uchaguzi unapokaribia, ofisi za Chama hujaa watu ambao siku nyingine hatuwaoni. Hawaji kuuliza habari za kisima wala za shule. Huuliza: mtu akiwa diwani, hupandaje hadi ubunge? Na akiwa mbunge, hupandaje hadi uwaziri? Wanatafuta ngazi. Leo twapenda kuwaonyesha njia aliyopita mjumbe mmoja, wapime wenyewe.

Huko Marekani kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na Bunge kuu la Washington. Katika jimbo la Georgia, mwaka 1965, watu wa sehemu moja ya mji wa Atlanta walimchagua Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25. Hakutegemea hotuba za jukwaani. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu shida zao, nao wakamjibu: kazi na mishahara. Huo ndio mzigo aliokubali kuubeba.

Januari 1966, kabla hajaapishwa, chama cha vijana alichokitumikia, SNCC, kilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond akaulizwa kama analikubali. Angeweza kunyamaza akaingia barazani kwa amani. Akasema analikubali. Tarehe 10 Januari wajumbe 184 wakapiga kura ya kumnyima kiti. Waliomtetea walikuwa 12 tu.

Tazameni, ndugu. Watu ambao hawakumtuma ndio waliomkataa. Je, wale waliomtuma walisemaje? Ulipoitishwa uchaguzi wa kujaza nafasi yake, wakamchagua tena. Kamati ya baraza ikamtaka ayameze maneno yake. Akakataa, akanyimwa kiti mara ya pili. Novemba wakamchagua mara ya tatu. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa wakiwa na kauli moja, ikaamua kwamba Georgia imevunja haki yake ya kusema. Januari 1967 akaapishwa.

Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilitajwa kwa cheo cha makamu wa rais. Akajitoa, kwa kuwa katiba yadai miaka 35 naye alikuwa na 28. Akarudi kwa watu wake. Akawatumikia katika mabaraza mawili ya Georgia mpaka 1987. Alipigania ipatikane sehemu ya uchaguzi ambamo wapiga kura weusi wangekuwa wengi, wapate kumpeleka mtu wao Washington. Mwaka 1986 yeye mwenyewe aligombea hapo, akashindwa na John Lewis, mwenzake wa siku za mapambano. Mashindano yale yalikuwa machungu, na urafiki uliumia. Aliyelima siye aliyevuna.

Watafuta ngazi watasema Bond aliteleza. Sisi twasema sivyo. Baada ya kukosa kiti alifundisha katika vyuo vikuu, na toka 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama cha zamani cha kutetea haki za watu weusi. Kiti kiliondoka, kazi ikabaki. Alifariki mwaka 2015 angali akisikilizwa.

Kwa hiyo, wanachama, mtu akija tawini kuomba kura, mwulizeni mambo matatu. Umepita nyumba ngapi, na watu wamekuambia nini? Neno gani hutalimeza hata ukinyimwa kiti? Na ukishindwa Jumapili, Jumatatu tutakukuta wapi?

Na sisi wa Chama tujionye wenyewe. Nidhamu ni jambo jema, wala hatuwezi kujenga bila hiyo. Lakini nidhamu si kufuli la mdomo. Kiongozi anayemtisha mjumbe kwa ajili ya neno alilolisema kwa haki, huyo anawatisha wote waliosimama juani wapate kumchagua. Wajumbe 184 walijiona wengi siku ile. Walisahau kuwahesabu watu waliokuwa nje ya mlango.

Kiti si cha mjumbe. Wala si cha wakubwa wa Chama. Ni cha waliopiga kura.