Hema Lipigwe Juu ya Mstari wa Mwani

Aila inayokusudia kulala hemani katika fukwe za Kigamboni hutazama kwanza weupe wa mchanga na bei ya kiwanja. Kinachopaswa kutangulia ni mwezi. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu huja bamvua, na katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo anayefika saa nne asubuhi huukuta ufuko mpana, mkavu, akadhani maji hayafiki. Kumbe hujaa karibu na saa kumi jioni, yakarudi tena saa kumi alfajiri, watoto wakiwa katika usingizi mzito.

Basi, kabla ya kulipa, utafuteni mstari wa mwani na vifuu vilivyotupwa na mawimbi. Hema lipigwe juu yake kwa hatua nyingi, wala lisiwe chini ya mnazi uliozaa; kivuli chake kinavutia, lakini nazi haipigi hodi. Kati ya Juni na Septemba, kusi inapovuma, mlango uupe upepo kisogo. Masika ni afadhali kubaki nyumbani.

Maji ya kisima yaonjwe, kwani karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi. Ya kunywa yachemshwe. Choo kisiwe mbali.

Hatimaye, mwulizeni mlinzi wa kiwanja bamvua iliyopita ilifika wapi. Asipoweza kuwaonyesha kwa kidole, tafuteni kiwanja kingine.