Hakuna Matata kwenye diski: gemu iliyofungwa kwa nailoni haijahifadhiwa

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, niongee juu ya gemu. Si FIFA, kwa hivyo msikimbie.

Gemu yenyewe inaitwa Afrika. Sony waliionyesha mwaka 2006 walipokuwa wakiipigia debe PlayStation 3. Ikatoka Japani tarehe 28 Agosti 2008, na Marekani ikafika Oktoba 2009 kupitia kampuni ya Natsume. Waliotengeneza ni Rhino Studios. Katika sehemu nyingine za Asia iliuzwa kwa jina la Hakuna Matata. Naam, Kiswahili chetu hiki hiki, juu ya kasha la Sony.

Ndani yake hakuna bunduki. Kazi yako ni kupiga picha. Uko kwenye hema, unafungua kompyuta, unasoma barua pepe ya mtu anayetaka picha fulani, kisha unapanda gari na kuingia mbugani. Unawatafuta twiga, viboko, pundamilia, tembo. Ukimkaribia mnyama ovyo, picha umeikosa. Basi unakaa, unasubiri. Picha ikiwa nzuri unalipwa, na pesa hizo unanunulia kamera bora, ambazo ni modeli halisi za Sony. Muziki wake uliandikwa na Wataru Hokoyama na ukapigwa na okestra kamili. Ni gemu ya kupumzisha kichwa. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akitafuta kosa moja kwenye mistari elfu mbili ya programu anaelewa thamani ya jambo hilo.

Nikiwa hapa Keroka, gemu hii inanigusa kwa namna yake. Mji wetu uko mpakani mwa Kisii na Nyamira: milima, migomba, majani chai, na kelele za soko. Kaunti ya Kisii inapakana na Narok, ambako ndiko iliko Masai Mara. Kwa ramani ni majirani. Lakini waulize vijana wa hapa wangapi wamemwona tembo kwa macho yao. Wengi wetu tumezoea kumwona twiga kwenye sarafu ya shilingi 1 na tembo kwenye ile ya shilingi 20. Kumbe Wajapani walikaa miaka kadhaa wakiisanifu mbuga kama ya jirani yetu, majani yake na mwanga wake wa jioni, na kazi hiyo yote ikabaki kwenye diski ya Blu-ray ambayo hapa kwetu hata haijulikani.

Sasa tuje kwa wakusanyaji, yaani wale wanaonunua gemu za zamani na kuzitunza. Kwa nini wanaitaka Afrika?

Sababu ya kwanza ni uchache. Haikuwa gemu ya kuuza mamilioni, na Ulaya haikuuzwa. Linganisha na FIFA ya mwaka wowote: nakala zimejaa kila mahali, na toleo jipya likitoka lile la jana halitakiwi tena hata kwenye kibanda cha gemu. Sababu ya pili ni kwamba haijafanyiwa toleo jipya la PS4 wala PS5, na mitambo hiyo miwili haisomi diski za PS3. Ukiitaka, utafute diski na mtambo wake. Bahati nzuri, karibu gemu zote za PS3 hazikufungiwa eneo, kwa hivyo diski iliyonunuliwa Tokyo itawaka kwenye PS3 iliyoko Keroka.

Hadi hapo nakubaliana na wakusanyaji. Tunaachana pale mtu anaponunua gemu ikiwa bado kwenye nailoni ya kiwandani, akaifungia kabatini na kusema ameihifadhi.

Najua hesabu yao. Julai 2021, nakala ya Super Mario 64 ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa kwenye mnada wa Heritage Auctions, Marekani, kwa dola milioni 1.56. Gemu ni ile ile ambayo nakala zake zilizotumika zimejaa madukani. Kilichouzwa pale ni nailoni.

Wadau mnaoandika programu mnaijua kanuni ya zamani ya kazi yetu: nakala rudufu ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha, usiihesabu kama nakala rudufu. Unaweza kuwa na diski kumi za akiba, lakini kama hujawahi kuzisoma, una matumaini tu. Gemu iliyofungwa ni hivyo hivyo. Hakuna anayejua kama bado inasomeka. Na kuijaribu ni kuiharibia bei, kwa hivyo hataijaribu kamwe.

Tena diski pekee haitoshi. PS3 ilitumia prosesa ya Cell, yenye kiini kimoja kikuu na vidogo 7, 6 kati yake vikiachiwa gemu. Kuiiga prosesa hiyo kwenye kompyuta ya kawaida ni kazi ngumu. Wanaotengeneza programu ya RPCS3 wamekuwa kwenye shughuli hiyo tangu 2011. Wanachohitaji ni watu wenye diski zilizofunguliwa, wanaocheza mpaka mwisho na kueleza inakwama wapi. Kasha la nailoni haliwasaidii kitu.

Mkidhani natia chumvi, mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Afrika ni ya kipindi hicho. Duka la mtandaoni nalo si ghala la kutegemea: Machi 2021 Sony walitangaza watalifunga lile la PS3, wakabadili nia Aprili baada ya wateja kulalamika. Wakati ule kelele ilisaidia. Sitaweka dau kwamba itasaidia kila mara.

Maoni yangu basi ni haya. Ukibahatika kuipata Afrika, au Hakuna Matata, ifungue. Icheze. Piga picha kitabu chake cha maelezo kabla karatasi haijafifia. Tunza PS3 moja inayofanya kazi, uisafishe vumbi. Mwite mtoto wa jirani ambaye hajawahi kufika Mara, umpe kidhibiti, umwache amsubiri duma nusu saa bila kupiga risasi hata moja. Bei ya diski yako itashuka, sikatai. Lakini utakuwa na gemu unayojua kwa hakika kwamba inawaka, pamoja na mtu mwingine mmoja anayejua kwa nini inafaa kutunzwa.

Mwenye kuiuza ikiwa imefungwa, aiuze, ni mali yake. Ila asituambie ni mhifadhi. Huyo ni mfanyabiashara wa nailoni.